P Peke Yake Haitoshi

Dereva aliyejifunzia gari la gia za kawaida alifundishwa hendibreki mapema kabisa. Alipandishwa kilimani, akaambiwa asimame, avute, aachie klachi taratibu, ashushe; gari likirudi nyuma, mkaguzi alimwangalia kwa jicho baya. Dereva huyohuyo akishanunua gari la otomatiki, mara nyingi IST, Vitz, Demio au Noah iliyotumika Japani kabla ya kuja huku, hendibreki inageuka pambo. Anasukuma kijiti cha gia hadi P, anazima injini, anafunga mlango, anaondoka. Juu ya jambo hili kuna maoni mawili mitaani. La kwanza linasema P inatosha, hendibreki ni ya magari ya gia. La pili, linalosikika zaidi gereji, linasema anayeegesha kwa P bila hendibreki anaua giaboksi. La kwanza si kweli. La pili lina ukweli kidogo uliotiwa chumvi nyingi, na kwa kuwa limetiwa chumvi, mtu aliyeegesha kwa P miaka mitano na giaboksi yake bado nzima ana haki ya kulipuuza. Sababu ya kweli ya kuvuta hendibreki ni nyingine: gari lililosimama bila mtu ndani linatakiwa lishikwe na vitu viwili visivyotegemeana, ili kimoja kikiachia kingine kiwe bado kimeshika. Ukiikubali sababu hiyo, namna ya kuitumia hendibreki na namna ya kuitunza vinafuata vyenyewe.

Tuanze na P. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, kwenye shafti inayopeleka nguvu kuelekea matairi, kuna gurudumu la chuma lenye meno makubwa yaliyoachana. Pembeni yake kuna kipande kidogo cha chuma chenye jino moja. Ukipeleka kijiti P, jino hilo linasukumwa liingie katika pengo kati ya meno ya lile gurudumu, na shafti inafungwa. Hapo hakuna pedi wala msuguano wowote. Ni chuma kimeingia kwenye pengo. P basi ni komeo. Breki hupunguza mwendo, komeo hungoja kitu kisimame ndipo lifunge, na ndiyo maana mtu akikosea akatia P gari likiwa bado linatembea husikia mkwaruzo, trrr, jino likirukaruka juu ya meno bila kuingia. Likija kuingia mwendo ukiwa umebaki kidogo, gari zima hutikisika. Komeo hilo halikuwepo tangu mwanzo. Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuuzwa kwa wingi, iliyotoka na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, haikuwa na P. Dereva alizima injini na kuliacha gari kwenye rivasi, na humo ndimo lilimofungwa. Herufi P ilizoeleka baadaye, katika magari kama Buick zenye giaboksi ya Dynaflow ya mwaka 1948. Wakati wote huo hendibreki ilikuwepo, na waliobuni P hawakuiondoa.

Sasa dai la gereji. Jino la P ni chuma kilichokazwa kwa moto, na kwenye uwanja tambarare karibu halibebi kitu chochote. Gari linaloegeshwa kila siku kwenye sakafu iliyonyooka linaweza kuishi maisha yake yote hivyo bila giaboksi kudhurika. Mambo hubadilika kwenye mteremko. Gari la kilo 1,000 kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, linavutwa chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100; kwenye asilimia 20 nguvu hiyo inakaribia kilo 200. Bila hendibreki, mzigo huo wote umelala juu ya jino moja. Asubuhi kijiti kinakuwa kigumu kutoka, na kikitoka husikika kishindo, ngo, kwa sababu jino limechomolewa kwa nguvu chini ya uzito. Kishindo kimoja hakiui giaboksi. Kikirudiwa kila asubuhi miaka nenda rudi kinalichosha jino, mipira inayoshikilia injini na viungo vya shafti, na ukweli wa dai la gereji unaishia hapo. Lakini kanuni zenyewe zinaonyesha mzigo ulikusudiwa kubebwa na nani. Kanuni ya usalama ya Marekani namba 114 inadai gari lililo kwenye P lisisogee zaidi ya milimita 150 kwenye mteremko wa asilimia 10. Kanuni namba 135, inayohusu breki, inadai breki ya kuegesha ilishike gari kwenye asilimia 20, likiangalia juu na likiangalia chini, kwa dakika 5. Kanuni ya Umoja wa Mataifa R13-H nayo inataka asilimia 20, gari likiwa na mzigo wake wote, na mkono usitumie nguvu zaidi ya nyutoni 400, ambayo ni kama kuinua kilo 40. Kipimo cha hendibreki ni mara mbili ya kipimo cha P.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote hauhitaji maabara, unahitaji pancha. Chukua gari dogo linaloendeshwa na matairi ya mbele, kama yalivyo mengi ya hayo tuliyoyataja. P haishiki matairi. Inashika shafti ya giaboksi, na kati ya shafti hiyo na matairi kuna difu. Kazi ya difu ni kuruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Shafti ikifungwa, difu bado inaruhusu tairi moja lizunguke mbele endapo jingine litazunguka nyuma kwa kiasi kilekile. Matairi yote mawili yakiwa chini hilo haliwezekani, maana ardhi inayazuia kwenda kinyume. Weka jeki chini ya tairi la mbele la kushoto, uliinue. Sasa tairi hilo liko hewani na linaweza kuzunguka litakavyo, kwa hiyo la kulia, lililo chini, limepata ruhusa ya kuviringika. Matairi ya nyuma hayakuwahi kushikwa na P hata dakika moja. Gari liko kwenye P, ufunguo uko mfukoni mwa dereva, na bado linaweza kujisogeza na kuanguka kutoka kwenye jeki. Kilichokuwa kinaweza kulizuia ni hendibreki, inayoshika matairi mawili ya nyuma moja kwa moja, na jiwe lililowekwa kuzuia tairi. Pancha ikiwa nyuma, mambo yanageuka: hendibreki inabaki na tairi moja tu chini, na P ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Shafti ya tairi moja ikikatika au kuchomoka, P huachia kwa sababu ileile ya difu. Kuna magari ambayo hendibreki yake haishiki matairi ya nyuma moja kwa moja, na inafaa kuyajua: Land Rover za zamani, zilizojaa mashambani na mbugani kwetu, zina hendibreki iliyokaa kwenye shafti ndefu inayokwenda nyuma, si kwenye matairi, na Subaru Leone za zamani zilikuwa na hendibreki ya mbele. Kwa magari hayo jiwe si hiari.

Anayebaki na imani kwamba komeo halidanganyi aangalie kinachounganisha mkono wake na komeo hilo. Katika magari mengi kijiti cha gia huvuta kebo, na kebo imeshikizwa kwa kibushi kidogo cha plastiki au mpira. Juni 2022 Ford ilitangaza kuyaita gereji magari yapatayo milioni 2.9 nchini Marekani kwa sababu kibushi hicho kiliweza kuchakaa au kudondoka: dereva anaweka kijiti P, anatoa ufunguo, hapati taa wala mlio wa onyo, na kumbe giaboksi bado iko kwenye gia nyingine. Aprili 2016 Fiat Chrysler iliyaita magari zaidi ya milioni 1.1 duniani, yakiwemo Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, kwa sababu ya kijiti cha umeme kilichorudi katikati kila kiliposukumwa, kiasi kwamba mkono haukuweza kuhisi gia gani imeingia. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya Jeep yake ya aina hiyo kuteremka na kumbana. Na zamani zaidi, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba magari ya Ford yaliruka kutoka P kwenda rivasi, wizara ya uchukuzi ya Marekani mwaka 1980 ilikubaliana na kampuni hiyo kwamba badala ya kuyarudisha magari, wamiliki wapatao milioni 23 watumiwe vibandiko vya kuweka ndani ya gari. Kibandiko kilimwambia dereva ahakikishe kijiti kimeingia P, avute breki ya kuegesha kikamilifu, azime injini. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa nafuu kwa kampuni, nami nauona hivyo. Lakini kiufundi ushauri ulikuwa sahihi. Atakayesema hayo ni ya Wamarekani, Toyota haina shida, akumbuke kwamba kebo na vibushi vimo hata kwenye Toyota, na plastiki huzeeka kwa miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8, lakini likishaingia hakuna anayelizuia kuzeekea barabarani.

Kwa hiyo hendibreki inavutwa ili ifanye kazi, si ili ionekane imevutwa, na hapo mpangilio una maana. Wengi wanaoikumbuka huiharibia kazi: wanasimama mlimani, wanatia P, wanaachia mguu, gari linajisukuma mbele au nyuma kidogo na kujilaza kwenye jino, ndipo wanavuta hendibreki. Wakati huo haina cha kushika, uzito umeshafika kwingine. Inavyotakiwa ni hivi. Mguu uko kwenye breki, gari limesimama kabisa. Kijiti kinaletwa nyutro, mguu ukiwa palepale. Hendibreki inavutwa hadi mkono uhisi imekaza. Kisha mguu unaachiwa taratibu, na hapo gari litasogea sentimita chache, mgongo wake ushuke kidogo, litulie: ndio uzito unaohamia kwenye viatu vya breki vya nyuma. Mguu unarudi kwenye breki, kijiti kinakwenda P, injini inazimwa. Hatua ya nyutro ina hatari yake, kwani simu ikiita katikati mtu anaweza kuliacha gari bila P. Kwenye tambarare iruke, tia hendibreki kisha P, ilimradi mguu usiachie breki kabla hendibreki haijavutwa. Wakati wa kuondoka mambo yanakwenda kinyume: washa, kanyaga breki, toa kijiti P, mwisho kabisa shusha hendibreki. Anayeanza kwa kuishusha ameuhamisha uzito wote kwenye jino sekunde moja kabla ya kulichomoa, na kishindo atakisikia. Kwenye magari kama Alphard na Harrier kadhaa, au Prius ya pili, hendibreki haiko mkononi bali ni pedali ndogo ya mguu wa kushoto. Wapo waliomiliki gari la namna hiyo muda mrefu wakidhani ni sehemu ya kupumzisha mguu.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba hendibreki nayo huachia. Ni kweli, tena kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Gari lenye hendibreki inayobana diski za nyuma, likishuka mteremko mrefu kama Kitonga au barabara ya Lushoto kuja Mombo, linafika chini diski zikiwa za moto. Dereva anavuta hendibreki, inakaza vizuri, anakwenda kunywa chai. Diski inapopoa inasinyaa, na kilichokuwa kimebanwa kinalegea. Mshiko wa jioni si ule wa saa moja iliyopita. Dramu hutenda kinyume, hupungua kipenyo ikipoa na kuvibana viatu zaidi. Lakini angalia pingamizi hili linathibitisha nini. Halisemi P inatosha, linasema hakuna kimoja kinachotosha. Ukiwa umeegesha mteremkoni na barabara ina ukingo, usukani nao ni msaada wa tatu usiogharimu kitu: kichwa cha gari kikiangalia chini, matairi ya mbele yaelekezwe ukingoni, kikiangalia juu, yageuzwe upande wa barabara ili gari likirudi nyuma tairi ligonge ukingo. Pasipo ukingo, au palipo na mtaro wazi kama ulivyo mitaa mingi ya Dar es Salaam, hesabu hiyo inabadilika na jiwe linarudi kuwa mfalme.

Pingamizi la pili linatoka Japani kwenyewe. Vitabu vya magari ya Toyota, katika kurasa za msimu wa baridi, vinamwelekeza dereva aegeshe kwa P bila kuvuta hendibreki, maana maji yaliyoingia kwenye kebo na dramu yanaweza kuganda usiku na gari likashindwa kutoka. Watu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye baridi kali, wanaishi hivyo. Basi, mtu atauliza, kama waliolitengeneza wanasema usivute, sisi tunavutia nini? Jibu liko katika maelekezo hayohayo: anayeacha hendibreki anatakiwa azuie matairi kwa kabari. Walipokiondoa kitu cha pili kwa sababu ya barafu, waliweka kingine mahali pake. Na barafu hiyo Tanga au Mombasa haipo. Kilichopo ni hewa ya chumvi na unyevu, vinavyoleta kutu, jambo ambalo tunalifikia.

Pingamizi la tatu ni la watu wa kawaida na ndilo linalonielea zaidi: nikiivuta nitasahau kuishusha, nitaunguza breki. Hatari ipo, na kwenye otomatiki ni kubwa kuliko kwenye gari la gia. Injini ya gari la gia itazimika au itanung'unika ukiondoka na hendibreki juu. Otomatiki inavumilia, inaongeza tu nguvu kidogo, na dereva anaweza kufika mbali kabla hajasikia harufu. Viatu vilivyopata moto hivyo vinang'aa kama kioo na kupoteza mshiko, na joto likizidi mafuta ya breki yanaweza kuchemka, hapo hata breki ya mguu inalegea. Dawa yake lakini si kuacha kuivuta. Gari la otomatiki likiwa D na mguu umetoka kwenye breki, hujivuta lenyewe polepole kwenye tambarare. Kama halijivuti, kuna kitu kimelishika, na mtu asiongeze mafuta kabla hajatazama chini kwenye dashibodi. Ile taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara iko kwa ajili hiyo. Nayo ikiendelea kuwaka hendibreki ikiwa imeshushwa hadi mwisho, usiipuuze: katika magari mengi taa hiyohiyo huonya kwamba mafuta ya breki yamepungua.

Utunzaji wa hendibreki unaanzia kwenye kuitumia. Kebo yake ni waya wa chuma ndani ya ala iliyofunikwa plastiki, inayopita chini ya gari palepale matairi yanaporushia matope. Ala ikipasuka maji yanaingia, waya unashika kutu, na waya usiosogezwa wiki kwa wiki unanasa humo. Ndipo siku moja mmiliki mpya wa gari, au fundi anayekagua, anavuta kwa nguvu. Kebo inakwenda, hairudi, na matairi ya nyuma yanabaki yamebanwa nusu. Kisa hicho kinasimuliwa kama ushahidi kwamba hendibreki ya otomatiki isivutwe, wakati kilichoiua ni kutovutwa. Gari ambalo hendibreki yake haijaguswa miaka mingi lisianziwe mlimani. Lipelekwe kwanza linyanyuliwe, matairi yazungushwe kwa mkono, hendibreki ivutwe na kushushwa mara kadhaa huku mtu akiangalia kama mkono mdogo wa nyuma ya dramu unarudi mahali pake kila mara. Kebo iliyonasa inaweza kupakwa mafuta ikalegea kwa muda, lakini maji yalishapata njia ya kuingia, ibadilishwe.

Kinachofanyika baada ya hapo kinategemea gari lina nini nyuma. IST, Vitz na ndugu zao nyingi zina dramu, na viatu vinavyoshikwa na hendibreki ni vilevile vya breki ya mguu. Magari makubwa zaidi yenye diski nyuma mara nyingi yana dramu ndogo iliyofichwa katikati ya diski, yenye viatu vyake vya hendibreki peke yake. Viatu hivyo karibu havichakai kabisa, kwa sababu vinakaza tairi likiwa limesimama. Ugonjwa wao ni kutu na vumbi, na fundi anayebadilisha pedi za nje anaweza kumaliza kazi bila kuviona. Hapa ndipo penye kosa la gereji ninaloliona baya kuliko kusahau kupaka mafuta. Mteja analalamika kwamba mkono unapanda hadi juu bila kushika. Fundi anafungua kifuniko kati ya viti, anakaza nati ya kebo, mkono unashika chini, mteja analipa na kuondoka ameridhika. Lakini tatizo lilikuwa ndani ya dramu, viatu vimelika na umbali umeongezeka. Kebo iliyokazwa kufidia umbali huo inavuta mkono wa ndani wakati wote, viatu havirudi mahali pa kupumzikia, na kigurudumu chenye meno cha ndani ya dramu, kinachojirekebisha chenyewe, kinaacha kufanya kazi. Katika baadhi ya magari ya Kijapani kigurudumu hicho hujirekebisha hendibreki inapovutwa, kwa hiyo dereva asiyeivuta na fundi anayekaza kebo wanaiharibu breki ya mguu pia bila mmoja wao kujua. Njia sahihi ni kulegeza kebo kwanza, kuvua dramu, kusafisha, kupima viatu, kuvirekebisha kwa kigurudumu hadi dramu iguse kidogo tu inapozungushwa, na mwisho kabisa kukaza kebo hadi mkono ushike baada ya idadi ya milio ya meno yake inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo ni kati ya 5 na 9. Kazi hiyo inachukua muda mrefu kuliko kukaza nati, na bei yake ni kubwa kidogo.

Kuipima nyumbani hakuhitaji fundi. Tafuta mteremko usio na mtu wala gari nyuma, simama, tia nyutro, vuta hendibreki, punguza mguu polepole huku ukiwa tayari kukanyaga. Lisiposogea, geuza gari liangalie upande wa pili na urudie, maana viatu vya dramu havishiki sawa pande zote mbili. Gari la kuachwa wiki kadhaa, hasa pwani au mara tu baada ya kuoshwa, ni bora liegeshwe kwenye tambarare kwa P na mawe matairini, hendibreki chini, kwa sababu viatu vyenye maji vinaweza kushikana na dramu kwa kutu. Ni ileile desturi ya Hokkaido, kwa adui mwingine.

Magari mengi mapya yanayoingia sasa yana swichi badala ya mkono, na mota ndogo za umeme ndizo zinazobana. Mengi hujivuta yenyewe dereva akizima injini, na hilo linaondoa karibu kosa lote la kibinadamu lililozungumzwa hapa. Lakini linaleta kosa lake gereji: pedi za nyuma zisibadilishwe kabla mota hazijarudishwa nyuma kwa utaratibu wa gari lenyewe, maana pistoni ikisukumwa kwa nguvu kama ya kalipa ya kawaida, gia za ndani ya mota huvunjika, na spea hiyo si ya bei ya pedi. Betri ikifa hendibreki iliyojifunga haifunguki kwa swichi. Magari ya umeme yamelisukuma swali mbele zaidi. Nissan Leaf imebaki na vyote viwili, komeo na breki. Tesla, tangu Model S, haina jino lolote la P ndani ya giaboksi yake. Kuna kalipa mbili za nyuma, kila moja na mota yake, ili moja ikishindwa nyingine ishike. Waliolazimika kuchagua kimoja walitupa komeo, na dereva wa Tesla anapobonyeza P, anachofanya hasa ni kuvuta hendibreki.